Mkusanya kodi wetu anatapisha choo kila mvua ikinyesha, na nyumba ina kesi ya mirathi: tuanzie wapi?

Mpangaji_Mwananyamala
Wakuu, nyumba ina vyumba 12. Mvua kubwa ikinyesha usiku, shimo la choo linatapishwa, yaani linafunguliwa limwage, na uchafu unateremka na mtaro hadi milangoni kwa majirani. Mwenye nyumba alishafariki. Mtoto wake mkubwa ndiye anakusanya kodi, na wadogo zake wamempeleka mahakamani. Mmoja wao anataka kodi ya miezi 6 ijayo tumlipe yeye. Majirani wanataka kuandamana na kumwanika mtandaoni, wapangaji wengine wanasema tugome kulipa. Ipi njia sahihi?

KaraniMstaafu
Mkuu, kabla ya yote tafuteni jina. Mahakama ya Mwanzo ikimteua msimamizi wa mirathi inampa Fomu Namba 4. Ombeni nakala, someni namba ya shauri na muhuri, kisha mkathibitishe kwa karani wa mahakama hiyo. Asiye na fomu, hata kama ni kifungua mimba, hana mamlaka ya kuisimamia mali ya marehemu kesini. Mkimshtaki kwa jina lake tu, kesi inaweza kutupwa kabla habari ya choo haijasikilizwa.

Kugoma, hapana. Mkishakuwa na deni la kodi, mmempa sababu ya kuwatoa. Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, kodi iingie humo kila mwezi, na waandikieni ndugu wote wanaovutana: pesa ipo, itatoka kwa mwenye Fomu Namba 4 au kwa amri ya mahakama. Barua iwe nakala mbili, yenu irudi na saini na tarehe ya kupokelewa. Miezi 6 kwa mkupuo msilipe kabisa. Msimamizi akibadilishwa katikati, mpya atawadai na risiti ya wa zamani italeta ubishi.

Afya_ya_Kata
Choo hakisubiri mirathi. Hapo kuna hatari ya kipindupindu, na watoto ndio wanaochezea mtaro ule. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa bwana afya nguvu ya kutoa notisi ya kuagiza uchafu ukomeshwe, na yeye haamui urithi. Mpelekeeni risiti zinazoonyesha nani anapokea kodi, ili notisi isiandikwe kwa jina la marehemu.

Malalamiko mengi hufia kwenye ushahidi. Video ya maji machafu mtaroni haitoshi, atasema yametoka nyumba ya juu. Mwiteni mjumbe na bwana afya, mwageni rangi ya chakula ya kijani chooni, ifuatieni kwa ndoo tatu nne za maji, mmoja asimame mtaroni na simu inayorekodi bila kukatwa. Tafuteni pia tundu lenyewe: mara nyingi ni bomba la inchi 4 kwenye ukuta wa shimo, limezibwa kwa tambara na jiwe, linafunguliwa mvua ikianza. Msilizibe wenyewe. Lipigeni picha, bwana afya aliandike kwenye ripoti yake.

Mama_Sinza
Kuandamana kunahitaji taarifa ya maandishi kwa polisi saa 48 kabla. Mimi ningeitisha mkutano kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, muhtasari uandikwe, waliohudhuria wasaini. Karatasi hiyo itawafaa kila ofisi. Picha yake na neno "tapeli" msiweke mtandaoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 itawageuza ninyi washtakiwa.

Mpangaji_Mwananyamala
Asanteni sana. Je, akianza kututoa kwa nguvu?

KaraniMstaafu
Pelekeni lalamiko Baraza la Kata siku hiyo hiyo. Tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu: ikishindikana linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu mnaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya bila hati. Kama vyombo vimeanza kutolewa nje, msikae kuzihesabu siku hizo. Mtafuteni wakili aombe zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha kuwatoa, chini ya hati ya dharura ili lisikilizwe haraka. Vyumba 12 msifungue kesi 12. Ombeni ruhusa ya wawili au watatu kuwawakilisha wote, na orodha ya majina yenye saini iambatanishwe. Asiyesaini hayumo. Wasio na uwezo wa wakili waende kwenye vituo vya msaada wa kisheria kama LHRC au WLAC na mkataba, risiti na ule muhtasari wa mtaa.