Krenkishafti yenye mikwaruzo: isagwe au ibadilishwe?

Swali: Habari wakuu. Nimefungua injini ya dizeli iliyokuwa ikigonga upande wa chini, nikakuta metali (beringi za vipande viwili) za konrodi ya tatu, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti (mhimili mkuu unaozunguka), zimelika hadi shaba inaonekana, na shingo ya krenkishafti (sehemu ya duara inayozunguka ndani ya metali hizo) ina mikwaruzo inayonasa ukucha. Je, kupiga msasa na kufunga metali mpya kunatosha?

Jibu: Hakutoshi, ndugu. Pima kila shingo kwa mikrometa (kifaa cha kupimia unene) katika pande mbili zinazokatana kwa nyuzi 90, kisha rudia karibu na kila ncha, maana shingo inaweza kuwa imelika kama yai au imepungua upande mmoja bila jicho kugundua. Linganisha vipimo na kitabu cha mtengenezaji. Ikisagwa kwa milimita 0.25, metali nazo ziwe za saizi inayofidia punguzo hilo.

Jibu: Naafiki, lakini nyufa zitafutwe kwanza kwa sumaku na unga wa chuma, hasa kwenye kona shingo inapokutana na shavu (bapa linaloungana na shingo) na kuzunguka matundu ya oili. Yenye ufa isirudishwe kazini.

Muuliza swali: Nashukuru. Shingo hiyo pia ina rangi ya samawati.

Jibu: Hiyo ni dalili ya joto kali, hivyo ugumu wake upimwe, na njia za oili zizibuliwe kabisa kabla ya kufunga chochote.