Bei za hisa za zamani zilizoandikwa kwa sehemu: nazipigaje kwenye kikokotoo?

Swali
Wakuu, nina stakabadhi za hisa za Marekani za kabla ya 2001. Hisa 300 zilinunuliwa kwa 27 5/8, zikauzwa kwa 29 13/16. Nikipiga 27 + 5 ÷ 8 kwenye kikokotoo cha mezani napata 4, kwenye simu napata 27.625. Kipi kibovu?

Jibu 1
Hakuna kibovu, mkuu. Cha mezani hufuata mpangilio wa vibonye: 27 + 5 ni 32, gawa kwa 8, ni 4. Simu hugawanya kwanza. Anza na sehemu: 5 ÷ 8 + 27, bonyeza =, ndipo × 300. Usiiruke hiyo =, maana kwenye simu × 300 itashika 27 peke yake na utaona 8,100.625. Jibu sahihi ni dola 8,287.50. Mauzo ni 29.8125 × 300, yaani 8,943.75. Faida 656.25 kabla ya kamisheni ya dalali, ambayo huongezwa kwenye gharama ya kununua na kupunguzwa kwenye mauzo.

Jibu 2
Naongezea: cha mezani kikiwa na swichi ya desimali, isiwe kwenye 2. Thumuni (1/8) ni 0.125 na 1/16 ni 0.0625, ukikata ikawa 0.06, kwenye hisa 1,000 dola 2.50 zimepotea. Weka F, isikate desimali.

Kuhakiki, chukua desimali uzidishe kwa 16: 0.8125 inatoa 13 kamili. Isipotoka namba nzima, rudia kusoma karatasi (ila 5/8 na 3/8 zilizofifia ukizichanganya, njia hii haitaonyesha), ingawa hisa za bei ndogo zilifika hata 1/32. Pia usilinganishe na chati za leo. Nyingi zimerekebishwa kwa hisa zilizogawanywa baadaye (moja kufanywa kadhaa), kwa hiyo bei haitafanana na ya stakabadhi.

Muuliza swali
Shukrani. Na kama oda moja ilijazwa kwa bei mbili? Hisa 200 kwa 45 3/8 na 100 kwa 45 1/2.

Jibu 1
Tumia kumbukumbu. Futa kwa MC; M+ huongeza humo, MR huonyesha jumla. 3 ÷ 8 + 45 = × 200 = M+ (9,075). Kisha 45.5 × 100 = M+ (4,550). MR inatoa 13,625, na hiyo ndiyo gharama yako. Wastani ni 45.41666..., wa kuangalia tu. Ukiukadiria kuwa 45.42 halafu uzidishe tena kwa 300 unapata 13,626, dola nzima imezuka.

Jibu 3
Ukikuta hatifungani za serikali ya Marekani humo, 99-16 si 99.16. Ni 99 na 16/32, yaani 99.5, tena ni asilimia ya thamani ya usoni (kiasi kilichoandikwa kwenye hatifungani). Kukiwa na alama ya + mwishoni, ongeza 1/64: 99-16+ ni 99.515625. Hizo bado zinanukuliwa hivyo mpaka leo.