Tupeane uzoefu: kuwatoa watoto kwenda mashambani Uingereza

Ndugu zangu mnaoishi Uingereza, salaam. Kila mwaka siku zinapoanza kurefuka, watoto wetu hurudi kutoka shuleni na masimulizi ya wenzao waliopanda kilima au kulala kwenye mahema, ilhali Jumamosi yetu imekwisha kati ya sokoni, madrasa na shughuli ya harusi ya mtu ambaye hata bwana harusi hamfahamu vizuri. Naomba tupeane uzoefu wa kuwapeleka watoto mashambani; sizungumzii ufukwe wala viwanja vya michezo vya kulipia, bali kule kwenye kondoo, matope na njia za miguu. Mchangiaji aeleze alikwenda wapi, alifikaje, watoto walikuwa na umri gani, na jambo gani liliwafanya waombe kurudi au wakatae katakata. Naanza mimi.

Baba wa wawili, Derby

Nililelewa jirani na mashamba ya mkonge huko Korogwe, ambako kuonekana ndani ya mipaka ya shamba bila shughuli kulimaanisha kuhojiwa na mlinzi. Kwa sababu hiyo, miaka yangu ya kwanza hapa niliyatazama mashamba haya ya kijani kupitia dirisha la gari tu, nikiamini kwamba ni ya wenyewe. Ni ya wenyewe kweli, lakini njia zinazopita ndani yake ni za umma, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuzifunga, hata pale ambapo njia inakatiza katikati ya ngano au kupita nyuma ya jiko lake. Kibao chenye mshale wa njano ni njia ya waendao kwa miguu; mshale wa buluu huruhusu farasi na baiskeli pia. Ramani za Explorer zenye jalada la rangi ya machungwa huonyesha njia hizo kwa vistari vya kijani. Sheria ya mwaka 2000 iliongeza haki ya kutembea hata nje ya njia katika milima na nyika zilizo wazi. Haki hizi zilipiganiwa: tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester, waliupanda mlima wa Kinder Scout uliokuwa umehodhiwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege, na baadhi yao walifungwa jela. Eneo hilohilo ndilo lililokuja kuwa Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi hii, mwaka 1951. Huwasimulia wanangu habari hii kila wanapoona haya kufungua geti la mtu.

Kwetu chaguo la kwanza ni Dovedale. Mto Dove unavukwa kwa kukanyaga mawe makubwa yaliyopangwa kutoka ukingo hadi ukingo, na kwa mtoto wa miaka sita hakuna bembea inayoshinda hapo. Binti yangu mdogo alipofika kwenye jiwe la katikati aliketi chini, akavua soksi, akaitumbukiza miguu majini, huku foleni ya watu wazima ikimngoja nyuma kwa adabu ile ya Kiingereza ya kutosema lolote. Nilimwomba asogee, akanijibu kwamba bado hajamaliza. Baada ya mawe kuna kilima cha Thorpe Cloud chenye mita 287, ambacho mkubwa alikipanda nami, na mdogo akabaki chini na mama yake na dumu la chai. Angalizo: mvua ikinyesha sana mto hufunika mawe, na Jumatatu za sikukuu za Mei na Agosti maegesho hujaa mapema asubuhi.

Mama wa watatu, Leicester

Asante, kaka, kwa kufungua mada. Sisi wa Leicester tuna Bradgate Park, na nashangaa ni wangapi kati yetu wameishi hapa muda mrefu bila kufika. Kuingia ni bure. Unalipia maegesho tu. Njia kuu iliyo kando ya kijito imesakafiwa, hivyo kigari cha mtoto mchanga kinapita bila kunyanyuliwa, jambo ambalo akina baba husahau kulitaja wanaposifia milima yao. Paa na kulungu wanazurura wazi, na pale katikati yamesimama magofu ya matofali mekundu ya nyumba ya ukoo wa Lady Jane Grey, yule binti aliyetangazwa malkia mwaka 1553, akatawala siku tisa, na mwaka uliofuata akakatwa kichwa. Mwanangu wa darasa la nne alikuwa na maswali mengi kuliko majibu niliyokuwa nayo, hasa pale alipojua kwamba malkia huyo hakuwa amefika hata miaka ishirini.

Ninawashauri mwende mwezi wa Oktoba, wakati majani ya mimea ya porini yamegeuka rangi ya kutu, lakini mkae mbali na madume. Huo ndio msimu wao wa kugombea majike, nao hunguruma na kugonganisha pembe kwa nguvu ya kutisha. Watoto watulie njiani, na picha ikuzwe kwa simu ukiwa palepale ulipo. Kuhusu chakula, mimi hubeba sambusa, mayai ya kuchemsha na chapati zilizokunjwa. Pilau niliiacha baada ya kugundua kwamba nyigu wa Agosti nao wanaipenda.

Baba wa mmoja, Luton

Nitakuwa mfupi. Dunstable Downs, kilele cha juu kabisa cha Bedfordshire chenye mita 243, ni uwanja wa tiara. Upepo haukosekani. Nilipokuwa mdogo Lamu tulitengeneza tiara kwa njiti za chelewa na karatasi za madaftari ya mwaka uliopita, na gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano. Hapa chelewa hakuna, kwa hiyo mimi na mwanangu tulichonga vijiti vya mianzi vya kuegemezea nyanya bustanini, tukabandika karatasi ya kufungia zawadi na kuongeza mkia wa vitambaa. Ilipaa. Watoto wa Kiingereza waliokuwa na tiara za dukani za nailoni walikuja kuuliza tumeinunua wapi, na mwanangu, ambaye asubuhi ile alikuwa ameona haya kuibeba kituoni, aliwaeleza utengenezaji wake tangu mwanzo hadi mwisho.

Mkitazama juu mtaona pia ndege zisizo na injini zikipaa kutoka bondeni, na mwewe wekundu wenye mkia wa panda. Mwewe hawa walikuwa wametoweka Uingereza nzima isipokuwa Wales, wakarejeshwa katika milima hii ya Chiltern mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa makinda yaliyoletwa kutoka Hispania. Siku hizi ni wengi kiasi kwamba sandwichi iliyoachwa wazi haina usalama.

Mama wa wanne, Manchester

Nimefurahi kusoma, ila naona wote mna magari. Mimi sina, na ninataka dada zangu wasio na gari wajue kwamba inawezekana. Treni ya kutoka Manchester kwenda Sheffield husimama Edale, kijiji kilicho chini ya Kinder Scout, na safari haifiki saa moja. Ukiwa na kadi ya reli ya familia na marafiki, mtu mzima hupunguziwa theluthi moja ya nauli na mtoto wa miaka 5 hadi 15 hupunguziwa asilimia 60. Walio chini ya miaka mitano hawalipi. Kadi moja huchukua watu wazima wanne na watoto wanne, na si lazima wawe ndugu, hivyo sisi huungana na jirani. Pale Edale ndipo inapoanzia njia ndefu ya Pennine, iliyofunguliwa mwaka 1965 na inayokwenda kilomita zipatazo 430 hadi ndani ya mpaka wa Uskoti. Wanangu huitembea hatua zake za mwanzo, kupitia malisho ya kondoo, kisha tunageuka bila aibu yoyote. Kipimo changu ni miguu ya mtoto mdogo kuliko wote. Akichoka yeye, safari imefika, hata kama kilele kinaonekana.

Wengi huniuliza habari ya swala. Majira ya joto Adhuhuri huingia baada ya saa saba mchana, ambayo ndiyo saa ya kula hata hivyo, na kibla huku kaskazini ni upande wa kusini-mashariki. Tunatandika shuka la plastiki lenye kitambaa juu yake, pembeni mwa njia, tunaswali tukiwa safari, na tunaendelea. Siku moja bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa na mbwa wawili alisimama mbali akiwa amewashika kamba hadi tulipotoa salamu ya mwisho, kisha akapita akitutakia siku njema. Vijana wangu wa sekondari, ambao walikuwa wamesema wataswali nyumbani, tangu hapo hawabishani nami.

Jambo la mwisho ni nguo. Msivae jinzi, zikilowa hazikauki, na mtoto aliyelowa hana furaha mlima uwe mzuri namna gani. Gambuti za mitumba zinapatikana kwenye maduka ya hisani kwa bei ya kikombe cha kahawa. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo safari za majira ya baridi ziwe za asubuhi tu; Juni, kinyume chake, mwanga unabaki hadi saa tatu na nusu usiku, na kazi ni kuwashawishi watoto kwamba ni usiku.

Mtoto wa wafugaji, sasa Shropshire

Mnawasifia kondoo, nami naomba niseme juu ya ng'ombe, kwa kuwa nimekua nao. Ng'ombe wa hapa hachungwi na mtu. Anaachwa malishoni peke yake, na hajui fimbo wala mluzi wako. Mwenye ndama msimkaribie hata kidogo, wala familia isipite kati yake na ndama wake; zungukeni kwa mbali, watoto wakiwa upande wa ua. Mkiwa na mbwa na ng'ombe wakaanza kuwafuata, mwachilieni mbwa, kwani wanamfukuza yeye na mbio zake anazimudu. Na geti mliache mlivyolikuta: kama lilikuwa wazi, libaki wazi, maana huenda ndiyo njia ya mifugo kufikia maji.

Mama wa wawili, Southampton

Kwetu ni New Forest, msitu ambao Mfalme William aliyeiteka Uingereza aliutenga kwa uwindaji wake mwaka 1079. Farasi wadogo wanatembea popote wapendapo, barabarani, mlangoni mwa duka na kwenye kituo cha basi, lakini si wa porini: kila mmoja ana mwenyewe, miongoni mwa wenyeji wenye haki ya malisho ya tangu zamani. Kuwalisha ni marufuku, na mtoto aliyeshika karoti atafuatwa hadi ajute. Madereva, kikomo ni maili 40 kwa saa, na farasi hana habari nacho.

Tulikwenda mara moja majira ya kupukutika kwa majani, na njiani tukakutana na nguruwe, mama na watoto wake, wakitafuna chini ya miti kama waliokodiwa. Mwanangu wa kiume alinishika mkono akaniuliza kama anatakiwa kunawa kwa kuwatazama tu. Mlinzi wa msitu aliyekuwa jirani alitufafanulia kwamba wamekodiwa kweli, kwa namna yake: mbegu za mialoni zinapodondoka ni sumu kwa farasi, na nguruwe huachiliwa kuzila kabla farasi hawajazifikia. Mbinu hiyo imekuwapo kwa karne nyingi. Nyumbani habari hiyo ilisimuliwa kwa bibi yao Unguja kwa simu, naye aliicheka mpaka akakohoa.

Wapenzi wa nyama choma, nawasikitikia: majiko ya mkaa yamepigwa marufuku msituni humo, na sababu ni moto. Chomeni nyumbani mbebe kwenye sufuria iliyofungwa. Jioni mkirudi, wakagueni watoto nyuma ya magoti, makwapani na kwenye nywele, kwa kuwa kuna kupe wadogo kama mbegu ya ufuta. Mng'oe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta polepole bila kumminya. Siku au wiki zinazofuata, mkiona wekundu unaotanuka kwenye ngozi au mtoto akishikwa na homa, nendeni kwa daktari mkamwambie habari ya kupe.

Mama wa mmoja, Coventry

Nimesoma yote kwa hamu, lakini mwanangu wa miaka tisa anatumia kiti cha magurudumu, na mawe ya mtoni si yetu. Kuna aliyewahi kwenda mahali penye mandhari ya kweli, si bustani ya mji, ambapo kiti kinapita bila kubebwa?

Baba wa wawili, Derby

Dada, nenda Monsal Trail, kulekule Peak District. Ilikuwa reli, ikafungwa mwaka 1968, na sasa ni njia tambarare ya kilomita zipatazo 14 kando ya mto Wye, yenye madaraja marefu ya juu na mahandaki ambayo yalifunguliwa kwa umma mwaka 2011. Mpwa wangu anayetumia kiti alikwenda nasi, akatutangulia ndani ya handaki na kupiga kelele ili kusikia mwangwi, nasi sote tukamfuata tukipiga kelele, watu wazima pamoja. Anzieni Hassop, kilipokuwa kituo cha treni karibu na Bakewell, ambako kuna maegesho, mgahawa na baiskeli za kukodi. Msianzie Monsal Head. Picha zake zinavutia, lakini kutoka pale juu hadi njiani kuna mteremko mkali wa ngazi. Taa za mahandaki huwaka mchana tu. Mvalishe sweta hata kama ni Julai, kwa kuwa ndani kuna baridi na maji hudondoka kutoka darini.