Salma na ngoma zake

Salma: Shikamooni nyote. Ijumaa ijayo tuna onyesho hapa chuoni, napiga ngoma 🥁

Mama Salma: Marahaba mwanangu. Ngoma gani tena?

Salma: Sabar, za Senegal. Kikundi chetu kinaitwa Rambax. Kilianzishwa 2001 na Lamine Touré, mpiga ngoma wa ukoo wa magriot, yaani wanamuziki na wasimulizi wa kurithishana huko Afrika Magharibi, pamoja na profesa wa muziki wa hapahapa MIT, Patricia Tang.

Baba Salma: Salma. MIT si chuo cha teknolojia cha huko Marekani? Sisi tulikusindikiza ukasomee uhandisi wa mitambo.

Shangazi Rehema: Kaka nawe! Mtoto hata hajamaliza kusema.

Baba Salma: Nauliza tu.

Salma: Baba, sanaa huku huikwepi. Kila wa shahada ya kwanza, awe wa fizikia au kompyuta, lazima apasi masomo 8 ya fasihi, sanaa na sayansi za jamii. Na walau moja liwe la sanaa. Rambax yenyewe imo kwenye orodha ya masomo.

Kaka Idi: Kwa hiyo unapewa alama kwa kupiga ngoma 😂 mimi nilichapwa

Salma: Njoo ujaribu. Mkono mmoja fimbo nyembamba, mwingine kiganja kitupu. Kila pigo lina silabi yake, unaitamka kwanza mpaka ikae mdomoni, ndipo mkono unafuata. Halafu kuna vipande virefu vinaitwa bàkk, kundi zima linapiga kwa pamoja kwa kichwa. Ukiteleza wewe mmoja, ukumbi mzima umesikia. Kidole cha shahada kimetoka lengelenge.

Mama Salma: Kipake mafuta. Usilitumbue!!

Mjomba Hamisi: Mnapigia wapi? Nje?

Salma: Ukumbi wa Kresge wa hapa chuoni, mjomba. Utaupenda. Paa ni kuba la zege, kipande cha nane cha tufe, limegusa ardhi pembe 3 tu. Ndani hakuna nguzo hata moja. Wanaingia watu zaidi ya 1,200. Alilichora msanifu majengo Eero Saarinen, likafunguliwa 1955.

Mjomba Hamisi: Uzito wote unashukia pembe tatu? Aisee. Lakini kuba linarudisha sauti na kuikusanya sehemu moja. Ngoma zote hizo mnasikilizana vipi?

Salma: Ndiyo maana juu wametundika mabamba, wanayaita mawingu. Sauti inagonga hapo inaelekezwa kwa watu kabla haijafika kwenye kuba.

Mjomba Hamisi: Nitumie picha ya hayo mabamba. Ya ngoma baadaye.

Shangazi Rehema: 😂😂 Na maigizo je? Mimi ndiyo ninayoyapenda.

Salma: Yapo shangazi. Chini ya kuba kuna ukumbi mdogo wa tamthilia. Na kuna kikundi cha michezo ya muziki, Musical Theatre Guild, kinaendeshwa na wanafunzi wenyewe. Rafiki yangu wa uhandisi wa umeme yumo, ila hapandi jukwaani, yeye yuko kwenye meza ya taa. Wiki ya onyesho humpati kabisa.

Baba Salma: Huyo wa taa ndiye mwenye akili.

Salma: Baba jamani. Mimi wiki iliyopita nilishinda karakana ya jukwaa, naunganisha fremu za mbao za kuta za nyumba ya kuigizia. Upande wa watazamaji ni nyumba, nyuma ni mbao na skrubu tupu. Lazima zibebwe na watu wawili gizani, bila kelele.

Baba Salma: Mlizipa mihimili ya mshazari?

Salma: Ndiyo, kila fremu.

Baba Salma: Vizuri. Saa ngapi hiyo ngoma?

Salma: Huku saa 1 jioni. Kwenu itakuwa saa 8 usiku kuamkia Jumamosi. Rafiki atashika simu ya video.

Baba Salma: Kiungo ukitume humu kwenye kundi. Usimtumie mama yako peke yake kama kawaida yenu.

Kaka Idi: "Nauliza tu" 😂

Mama Salma: Na bando utanunua wewe, baba Salma. Langu halifiki Jumatano.