Kipima ulevi mnakipeleka stendi alfajiri, walevi wanatoka baa saa saba usiku!

Wakuu, heshima kwenu. Wiki ya tatu hii silali vizuri, kwa hiyo mnivumilie nikipandisha sauti.

Hivi nani aliwaambia hawa watu wa usalama barabarani kwamba walevi wanapatikana stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, saa kumi na moja alfajiri? Ukitaka kukiona kipima ulevi hapa Tanzania, panda basi la mkoani. Dereva anateremshwa, anapuliza, kamera zinawaka, jioni tunamwona kwenye taarifa ya habari. Sipingi. Dereva wa biashara sheria inamtaka awe sifuri kabisa, na amebeba roho za watu zaidi ya hamsini. Apimwe. Lakini Jumamosi usiku, kuanzia Shekilango mpaka Sinza Mori, baa zimebanana, magari yameegeshwa mpaka juu ya mtaro, pale anapimwa nani? Nimekaa Sinza miaka tisa. Askari wa tochi, wale wa kupima mwendo, nimewakuta nyuma ya kila mwembe, ukizidisha kilometa 50 kwa saa unaandikiwa elfu thelathini yako mchana kweupe. Kipima ulevi mbele ya baa sijakiona hata siku moja.

Mdogo wangu anaendesha bodaboda. Siku hiyo saa saba na dakika arobaini usiku alikuwa kijiweni, hajawasha hata pikipiki, amekaa ubavu anachati na simu. Gari likapanda ukingo wa barabara likamkuta palepale. Mguu wa kulia umevunjika sehemu mbili, sasa hivi una vyuma. Nilifika baada ya dakika kama kumi na tano, maana nakaa jirani. Nilichokiona sijakisahau: kandambili moja ya dogo iko chini ya bampa, na ndani ya gari chupa ya bia imesimama wima kwenye kishikio chake, nusu, haijamwagika hata tone. Mwenye gari ameegemea mlango, ulimi mzito, anamuuliza mtu aliyelala chini, "Kwani we ulikuwa umewasha taa?"

Askari walikuja. Kipimo hawana. Mmoja ananiambia kipo kwa mwenzake, yuko zamu nyingine. Tukapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tukakimbizana na hospitali. Jamaa akaja kuchukuliwa na rafiki zake, akaambiwa aripoti kituoni asubuhi. Aliripoti saa tano! Shati limepigwa pasi, anatafuna bigijii. Akapuliza. Sifuri.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnielewe. Mwili wa mtu unapunguza kilevi kwenye damu kwa wastani wa gramu 0.015 kwenye mililita 100 za damu kila saa. Hauharakishwi na kahawa, wala ndimu, wala kuoga maji ya baridi, wala supu. Kutoka saa saba na arobaini usiku mpaka saa tano asubuhi ni saa tisa na ushee. Hata kama alikuwa na 0.13, muda huo ni safi kama maji ya kisima. Kumpima saa tano ni kumsafisha tu kwa karatasi ya serikali. Na ndivyo ilivyokuwa: faili linasomeka uendeshaji wa uzembe. Pombe haipo. Ile chupa niliyoiona kwa macho yangu haipo.

Halafu tuje kwenye sheria yenyewe. Kikomo chetu kwa gari binafsi ni 0.08, yaani gramu 0.08 za kilevi kwenye mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi 0.05, na 0.02 kwa madereva wapya. Wanaharakati wa usalama barabarani wameshaomba sana kishushwe. Mwanaume wa kilo 70 anahitaji bia mbili hivi za nusu lita, azinywe harakaharaka, ndipo aikaribie hiyo 0.08. Ya kwanza na nusu ya pili anayo ruhusa ya sheria!

Najua kuna mtu atakuja na "mbona Uingereza nao ni 0.08". Ni kweli, kule England. Ila kule ukikutwa umezidi, leseni unaiaga miezi 12 kwa uchache, na unapimwa usiku uleule. Wewe chukua na hiyo basi. Wakenya nao walianza na alcoblow, kipima ulevi chao, mwishoni mwa 2013, wakaiweka usiku, njia za kutokea baa. Ililalamikiwa, ikafikishwa mahakamani, lakini angalau walijua saa ya kuitega.

Mimi mwenyewe nakunywa, msije na mahubiri. Siku nikinywa, bajaji ya elfu tatu inanifikisha nyumbani. Mtu anaagiza mbuzi mzima na kreti, elfu tatu ya bajaji inamshinda?

Mwenye kujua sheria anisaidie: damu ya dereva aliyegonga mtu nani anapaswa kuagiza ichukuliwe usiku huohuo, na sisi ndugu tunaweza kudai kwa njia gani? Hospitali alikopelekwa dogo walikuwa na sindano na mirija. Aliyetakiwa kutolewa damu ndiye hakuwepo.

Ijumaa nimepita pale baa. Gari lipo, limeegeshwa juu ya mtaro. Bampa jipya, taa ya kushoto bado hajabadilisha.