"Ni Forester tu hiyo, itaingia": nimetoa 24,500 na gari bado limekaa kitako

Hamjambo wenzangu wa Malindi, Watamu na Kilifi mnaoendesha Subaru. Nimekuja na hasira na sioni sababu ya kuzificha.

Gari langu ni Subaru Forester SG5 (toleo la pili la Forester) ya mwaka 2004, isiyo na tabo. Nililinunua kwa kujinyima, na ndilo linalomtoa mamangu Marafa kumleta hospitali. Miezi miwili iliyopita shokamzoba za nyuma zilianza kuvuja mafuta. Nikalipeleka gereji moja hapa mjini, sitaitaja. Fundi akachungulia chini, akasema, "Dada, shoki zimekufa. Leta 14,000 za spea na 3,000 za kazi." Nikamuuliza kama anahitaji namba ya chesi. Akacheka. "Ni Forester tu hiyo, itaingia."

Kuingia ziliingia. Bolti zote zilikaa sawa. Lakini jeki ilipotolewa, nyuma likakaa kitako kama punda aliyebebeshwa mchanga kupita kiasi. Nikaambiwa likizoea litapanda lenyewe. Litazoea nini? Springi si kiatu kipya!

Wiki ile ile nikaenda kumchukua mama. Kule kwetu njia ya kuingia nyumbani ni mashimo matupu, na kila shimo gari lilikuwa likigonga chini hadi mama akashika mgongo akaniambia, "Mwanangu, bora niteremke nitembee." Ana miaka 71. Usiku tunarudi, taa zangu zinamulika juu kwenye minazi kwa sababu pua ya gari imeinuka. Kufika daraja la Sabaki, madereva wanaotoka upande wa pili wananiwashia fulu mfululizo wakidhani nawafanyia makusudi.

Sasa sikilizeni nilichokuja kukijua baadaye, na kinachoniuma ni kwamba kinaeleweka kwa dakika tano. Baadhi ya Forester za SF (toleo la kwanza) na SG zilitoka kiwandani na shokamzoba za nyuma zinazojiinua zenyewe, na langu ni mojawapo. Hazina mota ya umeme wala paipu ya hewa. Kila kitu kimo ndani ya shoki, na mtikisiko wa barabara ndio unaoipampu. Unapakia magunia matatu ya mahindi, nyuma linashuka, unaendesha kidogo, linarudi juu. Kwa kuwa shoki hiyo inabeba sehemu ya uzito, springi yake imetengenezwa laini. Shoki ya kawaida haibebi gari. Kazi yake ni kuituliza springi isirukeruke. Kwa hiyo ukitoa ile ukaweka hii, halafu ukaacha springi laini palepale, mzigo wote unaiangukia springi isiyouweza.

Dawa yake ni moja kati ya mbili: urudishe za kujiinua, au ukiweka za kawaida uweke na springi zake za kawaida, kulia na kushoto. Basi.

Fundi yeye alikuja na dawa zake. Kwanza mipira ya kubana katikati ya springi, 1,500. Gari likapanda kidogo, likawa gumu kama mkokoteni. Nilipolalamika akaniletea springi za Impreza za mtumba, 6,000, eti Impreza na Forester ni ndugu. Ni ndugu kweli. Shoki zao za miaka ile zinaingiliana, ndiyo maana vijana wanaotaka Forester ishuke huifunga za Impreza. Lakini mimi nilikuja kuomba lipande! Impreza ni gari la chini, na springi zake ni za gari la chini. Leo tairi za nyuma zimeanza kulika upande wa ndani, kwa sababu gari likishuka hivi magurudumu nayo yanalala.

Nikarudi. Unajua nilijibiwa nini? "Dada, wewe unapakia sana, na haya mambo ya magari huyaelewi." Mbele ya wateja wengine.

Niseme wazi: sina neno na fundi asiyejua. Hakuna anayejua kila gari. Ila mimi nilitaka kumpa namba ya chesi, na hakutaka hata kuiangalia. Muuzaji wa spea naye alipokea pesa bila kuuliza kama ni SG, ni Cross Sports ambayo kiwandani iliteremshwa, au ni ile ya SH, toleo la tatu lililofuata, ambayo nyuma yake iliundwa upya kabisa na vitu vya SG haviingii. Zote hizo zimeandikwa Forester mgongoni.

Kesho asubuhi narudi pale na risiti, na springi za Impreza na mipira yake nampelekea. Nataka 7,500 yangu. Shoki nitabaki nazo, hazina kosa.

Mwenye springi za nyuma za SG5 ya kawaida, isiyo ya kujiinua, jozi kamili, zisizopinda wala kuliwa na kutu ya chumvi yetu hii ya pwani, aweke picha hapa aonyeshe na alama za rangi zilizo juu yake. Nitazifuata hata Mombasa. Mama ana kliniki Alhamisi.