Mjadala: Siku ya kufungua barabara za milimani ipangwe na nani?

MWANZISHA MADA

Wakuu, kila ikifika Juni, katika nchi za baridi ambako barabara za milimani hufungwa kwa theluji, hoja hii hurudi. Bondeni ni joto, lakini kule juu geti bado limefungwa kwa sababu theluji imelala juu ya lami. Ndipo lawama zinapoanza: wahusika wavivu, mashine chache, fungueni watu wana safari zao. Mimi nasimama upande mwingine. Theluji iondolewe kwa mashine, sawa. Ila tarehe ya kufungua isitangazwe mapema, na neno la mwisho liwe la wale wanaoendesha hizo mashine. Lisiwe la ofisi wala la wenye hoteli.

Wengi hudhani ni theluji ya kufagia. Tuchukue Going-to-the-Sun Road katika hifadhi ya Glacier, jimbo la Montana, Marekani. Mashariki kidogo ya kipito cha Logan (pale barabara inapovuka mlima), mita 2,026 juu ya usawa wa bahari, upepo wa msimu mzima wa baridi huzoa theluji upande mmoja wa mlima na kuimwaga upande wa pili. Lundo hilo wanaliita Big Drift, na kina chake huweza kufika mita 24, yaani urefu wa jengo la ghorofa saba hivi. Kazi huanza mwanzoni mwa Aprili, na kwa kawaida njia yote hufunguka kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai. Mwaka 2011 ilikuwa Julai 13, na 2022 ikawa Julai 13 tena.

Halafu theluji hiyo si ile laini iliyoanguka jana. Imeyeyuka na kuganda mara nyingi, ikashindiliwa, hadi mita moja ya ujazo ina uzito wa karibu nusu tani. Pigeni hesabu wenyewe: barabara yenye upana wa mita 7, theluji ya kina cha mita 10. Ili usogee mita moja tu mbele, unahamisha tani kama 35. Na unazihamisha bila kuona ukingo, kwa sababu theluji imefunika lami na imefunika genge la mlima pia, vyote vinaonekana mteremko mmoja mweupe.

Linalonitia hofu zaidi ni kilichoko juu ya kichwa cha dereva. Jua la mchana huyeyusha theluji, maji yanapenya chini, na kile kilichoishikilia kwenye mwamba kinalegea. Usiku ukiwa na joto hadi isigande tena, kesho yake mlima mzima unaweza kushuka. Mwaka 1953 wafanyakazi wawili waliokuwa wakifungua hiyo hiyo Going-to-the-Sun Road waliuawa na poromoko la theluji. Mwaka 1995 mwendesha mashine mwingine alikufa hivyo hivyo kwenye Tioga Road, hifadhi ya Yosemite, California. Watu hawa walikuwa wakitengeneza njia ili wengine wapite wakitazama mandhari. Mimi siwezi kulisahau hilo ninaposikia mtu analalamikia wiki mbili za kuchelewa.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, nimekusoma vizuri, na vifo hivyo vinauma. Lakini umesahau wanaoishi kwa barabara hizo. Hiyo Tioga Road uliyoitaja, mwaka 2023 ilifunguliwa Julai 22, kuchelewa kuliko mwaka wowote katika kumbukumbu zake. Theluji ya kuifunga tena huweza kuja Oktoba au Novemba. Mwenye nyumba ya wageni upande wa mashariki wa kipito amebakiwa na miezi mitatu hivi ya kutafuta riziki ya mwaka. Unamwambia asipewe hata tarehe? Ataajirije watu? Ataagizaje vyakula?

Tena kuna barabara zisizo za matembezi. Zoji La, mita 3,528, ni kipito cha kaskazini mwa India, njia ya kutoka Kashmir kwenda Ladakh. Kule kusubiri theluji iondoke yenyewe ni kusubiri mafuta, mboga na dawa. Kikosi cha barabara za mpakani cha India hakiikati theluji ile kwa ajili ya picha.

MWANZISHA MADA

Kwa Zoji La umenishika, nakubali. Barabara inayobeba dawa haipimwi kwa kipimo kimoja na barabara ya kutalii, nami nilipaswa kuzitenganisha tangu mwanzo. Ila angalia India wenyewe walifanya nini penye kipito kingine, Rohtang, karibu mita 4,000 juu. Hawakuendelea kumsukuma dereva wa tingatinga awahi zaidi kila mwaka. Walichimba handaki la kilomita 9 chini ya mlima, likafunguliwa mwaka 2020. Njia ikiwa ni ya uhai wa watu, pesa ziende huko.

Kuhusu mwenye nyumba ya wageni, simnyimi habari. Kila jioni atangaziwe: leo tumefika kona fulani, mbele yetu zimebaki mita kadhaa za theluji, mteremko wa juu unavuja maji. Hapo anaweza kukadiria mwenyewe. Tarehe ni kitu kingine. Ikishatangazwa watu hulipia vyumba, wageni hununua tiketi, na asubuhi ile mbaya msimamizi anajua maelfu wanamsubiri getini. Presha ya namna hiyo humfanya mtu mzoefu aone mlima ni salama kwa kuwa anahitaji uwe salama.

MCHANGIAJI WA PILI

Wadau, mbona mnaongea kana kwamba ni kufunga kabisa au kufungua kabisa? Japani, kwenye njia ya Tateyama Kurobe, wanakata theluji hadi kuta za pande zote mbili zinafika mita 15, miaka mingine karibu 20, na wanafungua katikati ya Aprili. Magari binafsi hayaruhusiwi. Wageni hupanda basi, kisha hushuka na kutembea kati ya kuta hizo. Hapo kuchelewa kwa theluji kuyeyuka kumegeuka kuwa ndiyo biashara yenyewe. Na huko Glacier, magari yakiwa bado yamezuiwa, wenye baiskeli na waendao kwa miguu huruhusiwa kwenye vipande vilivyokwisha safishwa, mradi wasivuke alama za hatari.

MWANZISHA MADA

Hilo la mabasi nimelipenda kuliko langu. Basi lina ratiba na mtu mmoja mwenye dhamana, likiambiwa lirudi linarudi. Magari mia tatu yaliyopangana kwenye barabara nyembamba hayawezi kugeuka. Kwa baiskeli ningeongeza sharti moja: waruhusiwe asubuhi tu, na tu ikiwa usiku uliotangulia theluji iliganda. Usiku usipoganda, geti lisifunguliwe kwa yeyote, hata kama ni Julai 20 na anga ni jeupe.